Mshazari

Mimi hupima watu, ndiyo kazi yangu:
kifua, kiuno, bega hadi kiwiko.
Utepe wangu umefutika pale kwenye mia na kumi,
namba ya nyonga za Kadutu.

Cishugi aliporudi na zamu yetu ya likelemba
akasema, bado yuko mlangoni, viatu vina tope,
"Hamsini na tano. Inchi. Kama ya kwa Murhula,"
sikubishana.
Nilivua utepe shingoni.

Ukuta wa saloni una mita mbili na robo.
Toa mlango wa chumba cha watoto.
Toa mbao tatu zilizovimba tangu mvua za Aprili,
hazishiki hata msumari wa kalenda.
Kinachobaki si kingi, na ndani yake kuna dirisha,
na ndani ya dirisha, kati ya bati la jirani na nguzo ya umeme,
kuna ziwa.
Nililipima pia: sentimita kumi na nane za Kivu.

Dukani Nyawera zote zilionekana ndogo.
Dari ya Ombeni iko juu kama ya kanisa,
hata ng'ombe angeonekana mbuzi mle.
"Mama, haipimwi hivyo," akaniambia,
akaukamata utepe wangu bila kuomba,
akauvuta toka kona ya chini hadi kona ya juu, upande wa pili.
"Mshazari."
Nikanyamaza. Mimi na mshazari tunajuana.
Kitambaa ukikikata hivyo hulegea, hurefuka,
sketi ya mwembamba huonekana ina mtu ndani.
Kumbe na hawa wanaujua.

Sikununua. Niliomba boksi tupu.

Usiku huo nilikata hamsini na tano kwa mkasi wa suti,
nikaitundika.
Ziwa likabaki sentimita nne.
Kuranti ilikuwa imekatika; mbele ya boksi, mshumaa mmoja.
Mugisho akatangaza mechi, pasi, kona, goli!
Nsimire akamwambia apunguze sauti.
Mama mkwe, M'Bagalwa, magoti yake hatua mbili toka ukutani,
aligeuza shingo kushoto, akaigeuza kulia,
kama anayefuata ugomvi wa wauza sambaza.
"Huyo atakayesoma habari," akasema,
"kichwa chake kitazidi cha mgeni wangu.
Nani atamsalimia nani?"

Jumanne nilipunguza vidole viwili.
Jumatano viwili tena, wote wamelala.
Alhamisi Cishugi alisimama mbele yake na chai.
"Imepungua?"
"Ni unyevu," nikasema.
Akanywa chai yake.
Mtu niliyemshonea suruali miaka kumi na minne
anajua mkasi wangu unavyolia usiku.

Tukaishia arobaini na tatu.
Kijana aliipandisha ngazi za udongo kichwani,
kila kona akiuliza kama bado mbali,
na dolari zilizobaki zikanunua mbao tatu.

Jioni ya kwanza, kuranti hakuna.
Tuliketi tu,
na kwenye kioo cheusi tukajiona:
Cishugi, watoto, mimi na utepe wangu,
na pembeni M'Bagalwa, nusu.
Bega lake moja limebaki nje.
Akasogea kidogo. Halikuingia.
Akaliacha huko, akaendelea kuchambua maharage.

Dirishani ziwa lilikuwepo lote, kumi na nane kamili,
giza tupu,
na mimi, kimoyomoyo,
nikajuta inchi mbili.