Sekunde ya Arobaini na Moja

Kazi yangu ni kutoa majina.
Watu wa bonde la Biebrza hunitumia sauti
kwenye kadi ndogo kuliko ukucha,
zimeviringishwa ndani ya karatasi ya daftari, na barua:
"Bwana, kuna kitu nyuma ya ghala. Mbwa hataki kutoka."
Navaa visikizi, nafunga dirisha,
nasikiliza giza la mtu nisiyemjua.

Nusu ya mizuka ni paa dume anayebweka.
Robo ni mbweha jike aliyeshikwa na Februari.
Mtoto anayelia kinamasini ni kinda la bundi, njaa tupu,
na yule apulizaye chupa usiku kucha
ni ndege, mama, ndege tu,
kasimama wima kwenye matete akijifanya tete.
Naandika jina, napiga muhuri.
Wengine hawanishukuru.
Walikuwa na jini, nimewarudishia paa.

Juni ikaleta kadi ya Bogumiła Sawko.
"Mume wangu Zygmunt tulimzika Machi.
Tangu mwisho wa Mei kuna mtu kwenye upupu
chini ya dirisha la chumba cha kulala.
Huanza saa nane usiku.
Si mtu mmoja. Ni soko."

Kweli lilikuwa soko.
Mbayuwayu, chiriku, tombo,
shomoro wawili wakigombana, mbayuwayu tena,
na wote, nilipochora mawimbi yao kwenye kioo,
walikuwa wakipumua kwa pafu moja.
Nikamjua kwa mikopo yake:
shoro wa vichakani, rangi ya vumbi,
uzito wa barua isiyo na stempu,
asiye na wimbo hata mmoja wa kwake.
Baba yake hunyamaza kabla yeye hajafumbua macho,
basi huokota, hapa neno, kule neno;
chake ni mpangilio tu.
(Na mimi? Neno gani nilibuni mwenyewe?)

Ila kwenye sekunde ya ishirini palikuwa na noti nne,
za mviringo, kama zina maji ndani,
ambazo hazimo katika kabati letu lolote.
Wiki tatu nililala nazo.
Nilizipiga mluzi bafuni hadi mke wangu
akaomba talaka ya usiku mmoja.

Hieronim wa uhasibu alikuja kudai risiti.
Akasikia. Akakalia kikapu cha taka.
"Morogoro," alisema. "Sabini na nne,
nilikuwa napima barabara.
Huyu alikaa juu ya mpapai, nje ya dirisha langu,
kila alfajiri, akimtangulia muadhini.
Shore. Waliniambia anaitwa shore."
Akazipiga mluzi zote nne, bila kukosea,
na risiti akazisahau hadi Jumatatu.

Nikamwandikia Bogumiła orodha nzima,
sauti na sekunde yake,
na jinsi gramu kumi na mbili za manyoya
zilivyovuka jangwa na wimbo wa jirani mgeni kooni.
Ilibaki moja tu, ya arobaini na moja:
mlio mkavu, unapanda, unakatika.
Hapo niliandika: haujulikani.

Jibu lilikuja kwa penseli.

"Bwana, asante kwa shore.
Nimeitafuta Morogoro kwenye ramani ya mjukuu,
kidole kimechoka kabla ya kufika.
Hiyo ya arobaini na moja usijisumbue nayo.
Ni kapi la kisima chetu.
Miaka thelathini na moja nilimwambia alitie mafuta.
Upupu siufyeki."

Nikalitoa faili, nikafuta neno langu.
Fomu inataka jina la Kilatini.
Niliandika: Zygmunt, akichota maji,
kiangazi kilichopita, karibu na kiota.

Muhuri sikupiga.