Kampeni Mezani, Manyatta

Kaa huku, Vugutsa, ulipe jiko mgongo.
Stima ikipotea ndipo tunapocheza.
Ubao huu Obura aliukata kwa mabaki ya kabati
kule Kibuye, siku isiyo na wateja;
ugeuze, utaona bawaba moja bado imeng'ang'ania.

Wadi ni saba. Hii Kondele, hii Obunga,
Mamboleo iko pembeni kabisa, rangi ilimwishia,
ndiyo maana haina mpaka.
Kila wadi ina punje kumi na mbili za mahindi: hizo ni kura.
Maharagwe kumi uliyopewa ni mfuko wako wa kampeni.
Usiyatafune.

Anaanza aliyechelewa kufika. Wewe, basi.
Dadu ikisema tatu, sogea tatu,
au ukitaka kubaki, baki; dadu si askari.
Ukishatulia una njia mbili:
kuhutubia, ambako ni bure, unaokota punje moja,
ama kugawa: maharagwe mawili, punje tatu,
ila yeyote hapa anaweza kugonga kikombe
aseme, "Tumekuona!"
Hapo unahamia Kibos, raundi nzima,
kazi yako kunywa chai.

Ahadi huandikwa kwa chaki ukingoni.
Daraja haliahidiwi mara mbili.
Imali aliwahi kuahidi daraja pale Dunga.
Linaelekea wapi? tukamuuliza.
Akafikiri. "Uganda."
Tukampa punje mbili za ujasiri.

Sasa siri, na Apondi asisikie.
Wote hukimbilia Kondele, kwenye vumbi na vuvuzela,
wakanyang'anyana mpaka ubao unayumba.
Nyar Alego, shangazi yangu, yule anayefuma pale,
hupiga kambi Mamboleo tangu raundi ya kwanza,
hagawi hata haragwe,
anadonoa punje moja, punje moja, kama kuku asiye na haraka.
Ametushinda mara nne.
Mara ya tano Obura alidai kuna walakini,
tukahesabu upya sakafuni kwa tochi ya simu,
Nyar Alego akaongezeka mbili.
Obura hakulala vizuri.

Aliyeshindwa humpa mshindi mkono,
kisha huchambua mawe,
maana kura na pesa zote zinaingia sufuria moja,
kesho ni nyoyo.

Haya, tupa.
Na wewe Apondi, hiyo chaki nimeiona.