Matundu Manne

Dobi la Bi Beryl, Wakefield, mashine kumi na mbili,
na ukutani, juu ya kapu la soksi zisizo na wenza,
ubao wa maswali.
Anayesubiri nguo huuliza kwa kadi.
Mwingine anayesubiri hujibu.
Mimi nafagia nyuzi, nabadili noti kuwa sarafu,
na saa mbili usiku, mlango ukiwa nusu,
nauchambua ubao kama mchele.

Bi Beryl alinikabidhi pini, mbili kwa kila kadi,
na kanuni tatu:
asitukanwe anayeuliza;
lijibiwe swali lililoulizwa;
asiuze mtu kitu.
"Ukiona shaka, Mwanaidi, bandua. Ukuta haulii."

Nikabandua.
Aliyemwambia Grazina arudi kwao akafulie mtoni.
Aliyetibu kila doa kwa aya ya Biblia.
Aliyenadi sabuni ya shemeji yake.
Na yule wa wino wa kijani, fundi wa kila kitu,
aliyemwita mtoto wa watu mjinga
kwa kuchanganya jezi nyekundu na mashuka.
Sikuchana hata moja. Nina bati la biskuti chini ya kaunta;
humo matusi yamelala yamepeana mgongo
kama ndugu waliogombania shamba.

Ukishika pini muda mrefu
unaanza kuyasikia maneno kabla hujayasoma.
Mwandiko unaoinama mno: huyo ana hasira.
Herufi kubwa tupu: huyo kalewa, au kaachwa.
Nilijiona hodari. Nilijiona chujio.

Jumanne ikaja kadi ya Bwana Tindall,
mpiga chapa mstaafu, kucha bado nyeusi pembeni:
"Sweta ya sufu, rangi ya haradali.
Ya marehemu mke wangu. Niifueje?"

Watu wakamjibu vizuri, Mungu awaweke.
Maji baridi. Siki, kijiko kimoja.
Usiikamue; ilaze juu ya taulo, mbali na dirisha.
Na kadi moja, kwa penseli, bila jina:
"Usiifue."

Nilisimama nayo.
Kauliza aifueje.
Hakuuliza aifue au aiache.
Kanuni ya pili.
Nikaing'oa. Batini.

Alhamisi alikuja na mfuko wa karatasi.
Akasoma kadi zote, kidole kikifuata mistari,
kikapita hata pale palipokuwa patupu,
kikasita hapo kidogo.
Akauliza kama nina siki. Nikampa siki.
Mashine namba saba.
Kabla ya kuitia aliiinamia ile sweta
kama mtu anayesikiliza mlangoni,
akavuta pumzi, ndefu,
akatumbukiza sarafu.

Mashine zile zikishaanza hazifunguki
mpaka maji yaishe.
Dakika thelathini na nane.
Nilizihesabu zote, mkono umo batini.

Usiku huo niliirudisha kadi
mahali palepale, pini mpya mbili,
kama anayemrudishia jirani sufuria
baada ya arusi kwisha.

Jumamosi nikakuta maandishi chini yake,
ya mkono uliozoea kupanga herufi za risasi
moja moja, kinyumenyume, bila kukosea:
"Kadi hii ina matundu manne.
Alhamisi ilikuwa wapi?"

Hakuna aliyejibu.
Hajatukanwa mtu. Hakuna kinachouzwa.
Ni swali safi, halivunji kanuni yoyote,
nami kila usiku nalipita na ufagio,
nabandua ya kubandua, nazima taa za nyuma.
Chini yake nimeacha nafasi ya kadi moja.
Penseli nimeichonga mara tatu.