Saa Moja na Dakika Hamsini

Kwenye ukuta wa chumba cha mizigo wameandika kwa kalamu nyekundu:
Lima hadi Iquitos, kilomita elfu moja na ushei,
saa moja na dakika hamsini.
Basi. Wamemaliza.

Mimi njia hiyo ilinila siku saba.
Sita juu ya maji ya Ucayali, machela yangu
imebanwa kati ya nguruwe na mikungu ya ndizi,
kisha basi la Pucallpa, usiku na mchana kupanda milima,
masikio yakivuma, na mzee mmoja
akitapikia kofia yake kwa adabu zote.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na samaki ambaye mama alimshindilia chumvi
mpaka akawa mgumu kama ubao.

Mama Hermelinda hana habari na kilomita.
Yeye umbali anaupima kwa kinachooza.
Kwa mto, anasema, ndizi hufika nyeusi,
samaki hufika akiwa mkavu ama hafiki,
na salamu hufika, ila mgonjwa keshapona
au keshazikwa.

Halafu mwaka juzi jirani yetu Zoraida akaja kwa ndege.
Alinipa wali wa kwetu uliofungwa kwenye jani,
yai na kipande cha kuku ndani yake.
Jani lilikuwa na joto bado.
Joto la chungu au la kwapa la Zoraida, sikuuliza.
Nilikula nimesimama, nyuma ya choo cha wafanyakazi,
nikalamba na jani.

Kazi yangu ni kupakia.
Saa kumi na moja alfajiri ndege ya kwetu hufungua tumbo
nami huingia nimeinama, kama mtu anayeingia kwa wakwe.
Nimepakia jokofu, vifaranga elfu mbili wakilia,
matairi, gauni la harusi,
jeneza moja, zito upande wa miguu.
Hakuna kilichokataliwa.
Miaka sita naingia ndani ya ndege hiyo
na kutoka kabla haijaondoka.

Eleuterio hunicheka: "Jifanye begi, Romulo.
Kilo sitini na nane, watakutoza za ziada tu."
Tiketi ni mshahara wa wiki tatu.
Krismasi, ni wa wiki sita.
Mwanangu naye anaota meno.

Jumanne hii ndege ilirudi jioni.
Nikafungua mlango wa tumbo, nikavuta begi la kwanza:
limelowa.
La pili limelowa. Gunia la tatu linachuruzika.
Lima haijui kunyesha. Ina ukungu wake
unaokulowesha kwa uchoyo, kama anayekupakulia kwa kijiko cha chai.
Haya yalikuwa maji ya matone makubwa,
yana harufu ya udongo na majani yaliyolala.
Yakatiririka mkononi, yakaingia ndani ya glavu.
Nikavua glavu.
Sikujifuta.

Nilimpigia simu hapohapo, injini zikinguruma.
"Mama, huko imenyesha saa nane?"
"Inanyesha mpaka sasa, paa linapiga kelele, sikusikii vizuri.
Nani amekwambia?"

Eleuterio alikuwa ananiita, mkanda umejaa mabegi.
Kiganja changu kilikuwa bado kibichi.
"Hakuna aliyeniambia," nilimjibu.
"Imefika."