Vidogo Viwili

Laki moja na arobaini, na ndani yake nauli ya kurudi Ipuli.
Nimezikunja mgongoni mwa simu, chini ya kava,
nimekuja mjini Tabora kununua mahali pa kumweka mama.

Lugendo anavipanga juu ya kioo:
flashi nyembamba kama ukucha,
diski nene yenye sahani inayozunguka tumboni,
na kidude cheusi kisicho na sauti,
kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia.
"Hii flashi terabaiti mbili, elfu ishirini tu."
Namtazama.
Asali ya Sikonge ikiuzwa bei hiyo
ujue nyuki hawakuhusishwa.
Anaguna, anairudisha kwenye droo.

Hiyo yenye sahani naijua.
Tulikuwa nayo. Ilianguka kutoka kitandani,
kimo cha goti la mtoto,
na tulipoichomeka ikalia tik, tik, tik
kama bodaboda asubuhi ya baridi, isiwake.
Fundi wa Gongoni aliiweka sikioni,
akanirudishia kwa mikono miwili. Pole, dada.
Zilizosalia tukaziokota kwenye magrupu ya simu,
zimetumwa na kutumwa tena
hadi uso wa mama umekuwa vigae.

Kisha Jumapili, kwenye koti la reli la baba,
mfuko wa ndani, nikakuta kadi ya kamera.
Picha elfu moja mia nne na sita.
Zote hai.
Mama anamenya viazi. Mama amenuna.
Harusi ya Kalunde, mvua, watu wamejifunika masufuria.
Na moja iliyojipiga yenyewe:
mguu, ukuta, nusu ya jogoo,
na kicheko kisichoonekana, ila najua ni cha nani.

"Basi chukua hiki cheusi, terabaiti nzima.
Laki na arobaini. Hukijazi maisha yako yote."
Sitaki kikubwa. Nipe vidogo viwili.
"Viwili vya nini? Picha si zilezile?"
Nyumba moja huungua, Lugendo.
Mbili haziungui usiku mmoja.

Tunanakili hapohapo, siondoki na ahadi.
Asilimia sitini na moja, umeme unakatika.
Ananiagizia chai. Hatuongei sana.
Umeme ukirudi tunaanza upya,
kisha nafungua moja moja, wateja wanasubiri,
maana kunakili ni maneno tu mpaka ufungue uone.
Jogoo yupo. Nusu yake ileile.

Kimoja nitakaa nacho, ndani ya soksi, kabatini.
Cha pili nakifukia katikati ya gunia la karanga
kiende Kigoma na treni ya leo usiku, kwa kaka Maganga.
Mpokea mizigo anauliza, humu mna nini?
Karanga, namwambia.

Mama aliahidi kila mwaka kwamba ataliona ziwa,
kila mwaka mpunga ukamzuia.

Nauli imeliwa na risiti, natembea.
Njiani namwandikia Maganga:
gunia likifika, chomeka kabla hujala karanga.
Anza na ile ya jogoo, unijibu kama imefunguka.
Halafu tafuta ile aliyokaa mlangoni, amevaa viatu vya safari,
ijaze kioo kizima,
na uigeuze kompyuta ielekee dirishani.