Mfuko wa Jumatano

Wiki ya saba. Iliki niliyoipenda tangu utoto
leo inanitoa sebuleni mbio, mkono mdomoni,
na wageni, vikombe mikononi, wanatazamana:
"Hongera, bibie. Tumeshajua."

Wakaanza kuleta.
Bi Shinuna wa nyumba ya kona: ubani
uliolazwa majini usiku kucha, maji meupe kama tui.
Mke wa shemeji: udongo wa Pemba,
umesafiri kwa ndege ndani ya soksi ya mtoto.
Wifi: vidonge vilivyombakia mimba yake ya tatu,
karatasi imechanika, jina limebaki nusu.
Na Jumatano, soko la wanawake hapa Ibra,
mama mkwe akanishika kiwiko hadi kwa muuza mizizi,
akanunua manemane, madonge ya rangi ya tende.
"Kunywa. Mimi nimeinywea watoto saba."

Nilikuwa nimetapika hadi nyongo.
Mtu wa hali ile
angeramba ukuta akiambiwa una nafuu.

Sikuramba. Labda ni lile jina nusu.
Nikatia vyote mfukoni, nikavuka lami saa nne, jua limeshakuwa mwiba,
nikavimwaga juu ya kaunta ya duka la dawa.

Sajitha wa Kerala, Kiarabu chake kinachechemea,
changu kinanuka Unguja. Hakunicheka.
Akavaa miwani, akasogeza kwa kidole kimoja.
Udongo, kushoto: "Huenda una madini ya risasi. Huyaoni, huyaonji."
Vidonge, kushoto: "Sijui ni nini, sijui ni vya lini."
Manemane aliinusa, akaisukuma kushoto kabisa:
"Hii inaweza kulibana tumbo la uzazi. Si sasa."
Ubani: "Sijui. Nisichokijua sikwambii unywe."

Kulia ikabaki tangawizi, kipande cha kidole,
niliyojinunulia mwenyewe.
"Chai nyepesi, si sufuria zima.
Biskuti kavu kabla hujainuka kitandani.
Vidonge vyake vipo, aandike daktari.
Na maji yakikataa kukaa tumboni siku nzima,
usinijie mimi. Nenda hospitali."

Usiku mama mkwe akaja, anamulika kwa simu.
Nilishajiandaa kwa ugomvi.
Akakaa ukingoni mwa kitanda, akauliza kasemaje yule Mhindi.
Nikamwambia lote, hata lile la tumbo la uzazi.
Akanyamaza mpaka kiyoyozi kikajizima chenyewe.
"Nilisema saba," akasema.
"Nilizaa saba. Nilibeba tisa."

Sikumjibu ndiyo, sikumjibu siyo.
Nani anajua? Miaka ile, kijijini kwao,
hapakuwa na kaunta ya kumwagia mfuko
wala mtu wa kusema sijui.

Alfajiri nikamkuta jikoni anakwangua tangawizi,
anapima kwa jicho, anapunguza, anapunguza tena.
Manemane kaifunga kitambaani, kaipandisha juu ya kabati,
na kwa kalamu ya mjukuu kaandika: baada.

Nikanywa. Ikakaa
dakika kumi, kumi na tano.
Kisha haikukaa,
naye akanishikia nywele.