Nyota Chini ya Safu

Chupa ya kwanza ni ng'ombe wa machinjioni,
alikuja kutoka Misungwi kwa miguu, jina hakuandikiwa.
Ya pili, popo wa matunda wa kisiwa cha Saanane.
Ya tatu, fisimaji aliyenasa wavuni kule Kayenze;
alimng'ata Ng'wasi kidole, akatoa damu, akarudishwa ziwani.
Ya nne ni mimi. Nimeandika "Binadamu" kwa wino mweusi,
huku nimebana pamba kwenye kiwiko.

Umeme umekatika mara mbili tangu asubuhi.
Ng'wasi anakimbilia jenereta,
mimi naegemea mlango wa friza
kama anayezuia wezi.

Jeni zetu nimezikata, nikazishona kwenye pete,
nikawabebesha bakteria, wasiouliza mzigo ni wa nani.
Usiku kucha wamenakili.
Kulipokucha sahani ilijaa vidoti:
vya buluu mikono mitupu, vyeupe vimebeba.
Nimechokoa vyeupe kwa kijiti cha meno,
kilekile cha sangara wa kukaanga pale Kamanga.

Sasa skrini: mistari minne ya herufi, mmoja juu ya mwenzake.
Kila safu tunapokubaliana wote
kompyuta inaweka nyota chini.
Nahesabu nyota. Ni nyingi kuliko nilivyotaka.
Shina la kingamwili ni moja,
la popo, la fisimaji, langu, la yule asiye na jina.
Tunaachana nchani, penye vidole vya kushika ugonjwa,
na hapo ng'ombe ana kitanzi kirefu,
kirefu hata nikadhani nimekosea, nikarudia mara tatu:
mkono unaopapasa uvunguni
kutafuta sarafu iliyobingirika.

Sina kitanzi hicho.

Mama aliuza mitamba saba nisome.
Magu nzima ilimcheka: kageuza mahari daftari
kabla mchumba hajabisha hodi.

Jioni nimempigia.
"Mama, ng'ombe wana mkono mrefu kuliko wetu,
wa kushika maradhi."
Kimya. Kuku. Redio ya jirani.
"Mbona ndigana ilinimalizia wanne?"

Nimeliandika swali kwenye daftari la maabara,
kwa Kisukuma, kama alivyolisema,
tarehe pembeni, nafasi ya kutosha chini.
Kisha taa zikazima,
nikarudi kwenye mlango wa friza.